Ndia na Njia

Daftari ni langu. Kurasa mia mbili, jalada la buluu,
nililinunua Mwembe Tayari
siku tuliyokubaliana, chumba cha juu ya duka la mikeka, Bondeni,
kwamba mfumo huu hatutaupakua ukiwa umeiva.
Tutaupika wenyewe,
tangu kuchagua mawe kwenye mchele.

Mimi si mwandishi wa msimbo. Naandika nani kafanya nini:
Kitsao, kokwa na diski.
Nyevu, herufi, kibodi, na maneno yote ya kwenye skrini.
Athmani, chochote kilichobaki, kuanzia saa tatu usiku,
akishaegesha tuktuk na kunawa grisi.

Kwanza ulikuja ubishi wa moto.
Ili ujenge chombo cha kujengea
wahitaji chombo cha kujengea.
Kitsao alisema hivyo akatukodolea macho
kama aliyetega kitendawili,
na sote tukawa hatuna hata mji wa kumpa.
Mamangu, aliyepanda kuleta birika, ndiye aliyejibu:
"Si mwaomba kaa kwa jirani?
Likishika jikoni kwako, wamrudishia koleo lake."

Basi tukaazima kikusanyi cha watu.
Kikajenga chetu, kikonde, kisichojua mengi;
kikonde kikajenga kinene;
na kinene, bila haya,
kikajijenga upya chenyewe.
Ndipo tukakifuta cha kuazima,
nami nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu: koleo limerudi.

Usiku wa tatu, kifurushi cha thelathini na nne
kati ya themanini na kimoja,
stima ikapotea mtaa mzima.
Feni ikazunguka kwa mazoea, kisha ikaacha.
Hakuna aliyetukana. Hilo pia niliandika.
Athmani akashuka ngazi gizani,
akapanda na betri ya tuktuk kifuani
kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.
Kesho yake hakuchukua abiria.
Nilimweka ukurasa wa michango, pamoja na waliotoa pesa.

Nukta mkato moja ilitula siku mbili.
Sina la kuongeza hapo.

Lakini kilichotugawa hakikuwa hesabu.
Nyevu alikuwa ameandika: Njia haipatikani.
Mama akaisoma skrini polepole, miwani puani,
akakunja uso.
"Njia ni ya redioni. Hapa ni ndia."
Nyevu akasema mashine hizi zaenda shule za Mtwapa na Voi,
watoto watadhani tumekosea.
Kitsao akasema kwao, kwa nyanyake, ni njira,
na hakuna aliyewahi kumpotea nyanyake.
Chai ikapoa. Mtu akafunga dirisha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Hatukupiga kura.
Saa saba usiku Athmani aliandika kiungo, mistari miwili tu,
kitu kisichobeba chochote ndani yake:
ukiandika ndia, wafika;
ukiandika njira, wafika papo hapo;
na njia ipo palepale ilipokuwa, haikuhamishwa hata faili moja.
Nyevu akaijaribu mara tano, kila mara akitumai itakataa.

Ijumaa, kabla ya swala, tukaiwasha
kwenye kompyuta iliyotupwa na ofisi moja ya mizigo bandarini,
ambayo herufi B yake hubonyezwa mara mbili.
Skrini nyeusi. Kishale kikapepesa.
Mistari ikaanza kushuka, mmoja, wa pili,
Kitsao akihesabu kwa midomo,
kisha, mstari wa saba:

Kokwa halioni diski. Samahani.

Kimya.
"Nani ameweka samahani?" Kitsao akauliza.
Nyevu alikuwa akitazama nje, barabarani,
kama anayemtafuta mtu.

Niliandika tarehe. Niliandika:
Imekwama mstari wa saba. Imeomba radhi.
Kisha nikageuza ukurasa,
maana Athmani alikwisha vuta kiti.